Nani Yuko Kwenye Picha? Wasanii na Sura ya Umaskini

(Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa watendaji wa diakonia wa sharika. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Nimepewa saa moja nizungumze juu ya picha. Najua baadhi yenu mlipoona ratiba mlijiuliza picha zina uhusiano gani na visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Uhusiano upo. Kila robo mwaka usharika wenye mradi unaleta taarifa, na siku hizi taarifa haiji bila picha, maana karibu kila mtu ana simu yenye kamera. Tena picha ndiyo inayosomwa kwanza. Mfadhili aliye mbali anaweza kuruka kurasa kumi za bajeti, lakini picha ya mtoto asiye na viatu haruki. Kwa hiyo sisi sote hapa, tupende tusipende, tumekuwa wachoraji wa umaskini.

Swali langu la leo ni moja tu. Mtu anayeonekana kwenye picha ya dhiki, anabaki kuwa nani? Wasanii wamehangaika na swali hili muda mrefu kabla yetu. Ndiyo maana nimebandika hizi nakala ukutani. Mliokaa nyuma naomba msogee kidogo, baadhi ni ndogo.

Tuanze na Mholanzi, Vincent van Gogh. Alikuwa mtoto wa mchungaji, na kabla hajawa mchoraji alikuwa mwinjilisti. Mwishoni mwa mwaka 1878 alikwenda Borinage, eneo la migodi ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji, na mwaka 1879 akapewa kazi ya uinjilisti kwa muda kati ya wachimbaji. Akagawa nguo zake, akahamia kwenye kibanda, akawa analala juu ya majani makavu. Kamati iliyomwajiri haikupendezwa kabisa. Waliona anashusha hadhi ya kazi, na muda ulipokwisha hawakumwongezea. (Wainjilisti, msicheke sana.) Mwaka 1880 akaamua kuwa mchoraji.

Mwaka 1885, katika kijiji cha Nuenen huko Uholanzi, alichora hii tunayoweza kuiita "Wala Viazi". Ni watu watano wa familia ya wakulima wamezunguka meza chini ya taa ya mafuta. Katikati kuna sahani ya viazi, na mama mmoja anamimina kahawa. Tazameni mikono yao. Imekakamaa na vifundo vimetokeza. Vincent alimwandikia mdogo wake Theo kwamba alitaka ionekane wazi kuwa mikono inayochukua viazi kwenye sahani ndiyo hiyo hiyo iliyochimba ardhi, yaani chakula chao wamekitolea jasho. Majira yote ya baridi kabla ya hapo alikuwa akichora vichwa na mikono ya wakulima wa kijiji kile, mmoja baada ya mwingine, makumi ya michoro. Rafiki yake mmoja mchoraji, Anthon van Rappard, alimwandikia barua kali kwamba picha ni mbovu. Ni kweli sura zile hazipendezi. Lakini hakuna hata mmoja anayemgeukia mtazamaji akimwomba kitu. Wanakula. Wana meza yao, taa yao na mazungumzo yao. Umaskini umejaa kile chumba hadi kwenye dari, ila wao bado ni wenyeji na sisi ndio tuliochungulia.

Ya pili nitaipita haraka. Mfaransa Jean-François Millet, yeye mwenyewe mtoto wa wakulima wa Normandy, mwaka 1857 alionyesha picha ya wanawake watatu wameinama wakiokota masazo shambani. Kwa sisi tuliosoma kitabu cha Ruthu, kazi hiyo haihitaji maelezo. Kinachonivuta mimi kiko nyuma kabisa, kidogo sana: marundo makubwa ya mavuno, na upande wa kulia mtu amepanda farasi, ndiye msimamizi. Kumbe shamba lina chakula tele! Watu wengi wenye nafasi mjini Paris waliichukia picha hiyo, na nahisi huyo farasi alichangia. Ukimwonyesha maskini peke yake, umaskini unaonekana kama ukame uliotoka mbinguni. Ukiweka na marundo nyuma yake, mtazamaji anaanza kuuliza maswali.

Sasa nitakaa kidogo kwa Käthe Kollwitz, Mjerumani, kwa sababu naona aliishi karibu sana na kazi yetu ya diakonia. Alizaliwa mwaka 1867 mjini Königsberg. Babu yake mzaa mama, Julius Rupp, alikuwa mchungaji aliyeondolewa katika kanisa la serikali kwa ajili ya msimamo wake, akaanzisha usharika huru. Mwaka 1891 Käthe aliolewa na daktari, Karl Kollwitz, wakahamia Berlin katika mtaa wa wafanyakazi wa viwandani. Karl alikuwa akiwatibu watu wa bima ya wafanyakazi, na kliniki ilikuwa katika jengo lile lile walimoishi. Basi wanawake waliokuja kwa daktari walijikuta wanakaa na mke wake pia, wakimweleza ya nyumbani. Käthe hakuhitaji kwenda kutafuta umaskini mahali. Ulikuwa unapanda ngazi kila asubuhi na kubisha hodi.

Mwaka 1893 alitazama mchezo wa kuigiza wa Gerhart Hauptmann juu ya wafumaji wa Silesia, walioasi mwaka 1844 kwa sababu ya njaa na ujira mdogo. Ukamkaa moyoni. Akatumia miaka minne kutengeneza mfululizo wa picha sita za chapa. Ya kwanza ni hii: mama ameshika kichwa kwa mikono miwili mbele ya mtoto mgonjwa kitandani, na nyuma yake mtambo wa kufumia umejaza chumba. Ya pili ni kifo. Ya tatu wanaume wanapanga jambo gizani. Ya nne wanaandamana, na kati yao mama amebeba mtoto mgongoni. Ya tano wako kwenye geti la tajiri. Ya sita maiti zinarudishwa nyumbani. Mnaona alivyofanya? Angeweza kuishia kwenye ile ya kwanza, mama na mtoto mgonjwa, na kila mtu angelia na kutoa senti. Lakini aliendelea mpaka watu hao wamekaa, wamefikiri, wameamua, na wamelipia uamuzi wao. Picha zilipoonyeshwa Berlin mwaka 1898, waamuzi walipendekeza apewe medali ya dhahabu. Mfalme Wilhelm wa Pili akakataa.

Mwaka 1914, mwezi Oktoba, mtoto wake Peter aliuawa vitani nchini Ubelgiji akiwa na miaka 18. Baada ya vita Ujerumani ilipata njaa na thamani ya fedha ikaporomoka. Bango hili ni la miaka hiyo, 1923 na 1924. Linasema watoto wa Ujerumani wana njaa. Watoto wameinua bakuli tupu na macho yao yanatazama juu. Nawaomba mlitazame vizuri, kwa sababu wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba bakuli tupu kwenye bango ni la mtoto wa Kiafrika. Wageni wetu wengi wanatoka Ujerumani, na hawa ni watoto wa rika la babu na bibi zao.

Mtaniambia, "Mama, lakini hawa wanaomba, na wewe umewasifu wala viazi kwa kutokuomba." Kweli, wanaomba. Njaa ikifika mahali pale mtu huomba, na kuficha jambo hilo nako ni uongo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Kollwitz aliwajua watoto wa mtaa ule, na picha aliifanya kwa chapa ya mawe, nakala nyingi kwa bei ndogo, ikabandikwa kwenye kuta ambako wenye njaa wenyewe walipita na kuiona. Hakufanya picha ya kutazamwa na watu wa mbali tu huku wenyewe hawana habari. Mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani, Kollwitz alilazimishwa kujiuzulu katika chuo cha sanaa cha Prussia. Alifariki Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha.

Tukija kwenye kamera, mambo yanakuwa magumu zaidi. Mchoraji anahitaji mtu akae naye kwa saa nyingi. Mwenye kamera anahitaji sekunde moja.

Jacob Riis alikuwa mhamiaji kutoka Denmark, mwandishi wa habari mjini New York. Kuanzia mwaka 1887, kilipopatikana kile kiunga cha kuwaka kwa mwanga mkali, alikuwa akiingia usiku katika vyumba walimorundikana wahamiaji, anawasha, anapiga picha, anatoka. Watu walishtuka usingizini. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba safari moja aliwasha moto ukutani katika chumba cha vipofu, akauzima mwenyewe bila wao kujua. Kwa utaratibu wetu wa leo tungemfukuza kazi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1890 kilitikisa mji. Eneo la Mulberry Bend lililokuwa na vibanda vibaya kabisa lilibomolewa na likafunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 1897, na mwaka 1901 ikatoka sheria mpya ya nyumba za kupanga. Nalisema hili kwa makusudi, asije mtu akadhani nimekuja kusema picha zenye kuumiza hazifanyi kazi. Zinafanya kazi sana, na hapo ndipo penye mtihani wetu.

Hii ya mama mwenye watoto wawili waliomwegemea mabegani nadhani wengi mmewahi kuiona hata bila kujua ilikotoka. Ilipigwa mwaka 1936 na Dorothea Lange, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya Marekani kupiga picha za hali ya wakulima. Alikuwa anarudi nyumbani, akaona kibao cha kambi ya wachumaji wa njegere huko Nipomo, California. Akapita, akaendesha maili nyingi, kisha akageuza gari. Mazao yalikuwa yameharibiwa na baridi na kambi haikuwa na kazi. Akapiga picha kadhaa za mama huyo, akimsogelea hatua kwa hatua. Hakumwuliza jina. Picha zikatoka katika gazeti la San Francisco, na mara serikali ikapeleka kambini ratili 20,000 za chakula, karibu kilo 9,000. Ni kazi kubwa kwa picha. Chakula kilipofika, mama yule na watoto wake walikwisha kuondoka kutafuta kazi kwingine.

Picha ikazunguka dunia ikiitwa "Mama Mhamaji". Mwenyewe alijulikana jina mwaka 1978 tu, miaka 42 baadaye. Aliitwa Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Oklahoma, wa kabila la Cherokee, mwenye miaka 32 siku ile. Hakufurahi. Alisema kwamba hajapata hata senti kwa picha ile na kwamba heri asingepigwa. Lange naye hakulipwa kwa kila nakala, maana ilikuwa mali ya serikali, lakini jina lake lilikua na la mama halikuwepo. Maelezo aliyoyaandika Lange yalisema familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili inunue chakula. Watoto walikanusha. Wanasema hawakuwa na matairi ya kuuza, yale waliyokuwa nayo ndiyo waliyosafiria. Hapa nawaomba muweke alama, kwa sababu sisi pia tunaandika maelezo chini ya picha, mara nyingi jioni ofisini, tukikumbuka nusunusu.

Mwaka 1983 Florence alipougua sana, watoto wake waliomba msaada hadharani kwa ajili ya matibabu, na watu waliokuwa wakiipenda picha wakachanga zaidi ya dola 30,000. Alifariki mwezi Septemba mwaka huo. Baadhi ya barua zilizokuja na michango ziliwabadilisha watoto wake, wakaanza kuona fahari mahali walipokuwa wanaona aibu. Kwa hiyo simwiti Lange mtu mbaya. Mwaka 1939 yeye na mume wake, Paul Taylor, walitoa kitabu juu ya wahamaji hao hao, na humo wakachapa maneno ya wahamaji wenyewe pamoja na picha zao. Naona ni hatua kubwa. Ila Florence hakuwamo.

Sasa linganisheni na hii ya Kongo. Mei 1904, katika misioni ya Baringa, mwanamume mmoja alikuja kwa wamisionari Waingereza akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha ameketi barazani, akiutazama mkono ule na mguu ule vimewekwa mbele yake. Ni picha ngumu kuliko zote za leo na nimeibandika pembeni kwa sababu hiyo. Lakini jina lake tunalo: Nsala, wa kijiji cha Wala. Jina la binti tunalo: Boali. Tunajua nani aliua na kampuni gani. Nsala alikuja mwenyewe na ushahidi wake, akitaka uonekane. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 Mfalme Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuishia hapo, lakini utawala ule wa mtu mmoja ulikwisha. Nikiwekewa picha ya Florence na ya Nsala, mbaya kuitazama ni ya Nsala, na iliyomheshimu mtu ni hiyo hiyo ya Nsala.

Kuna picha ya Sudan ya mwaka 1993, ya mtoto aliyejiinamia chini na tai nyuma yake, iliyopigwa na Kevin Carter. Sikuileta, mnaijua. Nitasema jambo moja tu. Mahali pale, Ayod, palikuwa na kituo cha chakula, na watu wazima walikuwa hapo karibu wakipokea chakula kilicholetwa na ndege. Hawamo kwenye fremu. Dunia ikabaki na mtoto, tai, na mawazo kwamba hakuna mtu mwingine katika nchi ile yote.

Na sisi je, tumechorwaje na watu wetu? Nimeshindwa kupata nakala nzuri ya Sam Ntiro, nimeleta hii ndogo. Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Uchagani, akasoma na kufundisha Makerere, na baada ya Uhuru akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Moja ya picha zake, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Watu wa Ntiro hawana viatu vya bei wala nyumba za bati za kisasa. Kwa takwimu za mradi wangeingia moja kwa moja kwenye orodha ya kaya maskini. Lakini katika picha zake wanabeba, wanalima, wanakwenda pamoja, na migomba imewazunguka pande zote. Wengine walisema anaremba. Huenda. Nadhani aliwachora kama mtu anavyowakumbuka majirani zake, na jirani humkumbuki kwa kaptula yake iliyochanika.

Turudi kwenye simu zetu. Yuko dada mmoja, sasa ni muuguzi. Akiwa na miaka minane alipigwa picha na shirika moja, silitaji, akiwa na gauni lililochanika na kamasi puani, siku ambayo mama yake alikuwa mgonjwa. Picha iliwekwa kwenye kalenda, kalenda ikawekwa kwenye intaneti. Alipokuwa chuoni wenzake waliiona. Alikuja kuniuliza, "Mama, ile picha inaweza kuondolewa?" Nilimwandikia barua ya kupeleka. Kwa shirika ikaondolewa, kwingine bado ipo. Hakunilalamikia juu ya msaada, msaada anaushukuru hadi leo. Aliniambia tu kwamba mama yake alikuwa akimfulia gauni jingine kila Jumamosi, na hilo halimo popote.

Wala msikimbilie upande wa pili. Tumeanza kupata taarifa zenye picha za tabasamu tupu: kila mtu ameshika mbuzi, amevaa fulana ya mradi, meno nje. Nyingine unaona kabisa mtu amepangwa asimame. Hiyo nayo inamfuta mtu. Mbuzi anaonekana kuliko mama mwenye mbuzi.

Mwongozo tunao. Mwaka 1994 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikuwa miongoni mwa waliotoa pamoja na Msalaba Mwekundu kanuni za mwenendo wakati wa maafa. Kanuni ya kumi inataka katika habari na matangazo yetu waathirika waonekane kama watu wenye utu. Nchini kwetu ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iliyomo kwenye mafaili yenu si urasimu wangu. Mtu aelezwe kwa lugha yake picha inakwenda wapi, pamoja na intaneti, na aambiwe kwamba akikataa mbuzi atapata vilevile. Hilo la mwisho lisemwe kwa sauti. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe aulizwe. Maelezo yaandikwe pale pale, asomewe, arekebishe. Jina litumike kama anataka litumike. Asipotaka, tusibuni jina. Na nakala moja iliyosafishwa irudi kwake. Bajeti ya robo ijayo ina kifungu cha kusafisha picha, kidogo, lakini kipo.

Muda wangu umekwisha. Kila kundi lina bahasha yenye picha sita za magazeti ya zamani, majina nimeyafunika. Msianze kwa kusema mnaona nini. Andikeni kwanza ni nani na nini mnadhani kiliachwa nje ya fremu, na mngemwuliza nini mtu huyo kabla ya kubonyeza kitufe. Kundi la kina mama wa sharika za mlimani lianze na ile ya foleni ya maji. Chai ni saa nne na nusu.